Mashamba ya baba yametawanyika: je, tuyauze tununue la pamoja?

"Shikamoo mwalimu. Niko Nottingham, Uingereza, nasoma mipango ya matumizi ya ardhi. Mwezi uliopita tulipelekwa kijiji kinachoitwa Laxton. Wakulima wa pale bado wanalima vipande virefu vilivyochanganyika na vya wenzao, ndani ya mashamba makubwa matatu yasiyo na uzio, na wana korti yao ya kumtoza faini anayekula mpaka. Wenzangu waliona kama makumbusho. Mimi nilikosa usingizi, kwa sababu nyumbani kwetu Upare baba ana vipande sita: viwili milimani vya tangawizi na migomba, kimoja bondeni karibu na mto, vitatu tambarare vya mahindi. Kaka anasema huo ni ujinga wa kizamani, kwamba Wazungu waliendelea pale walipounganisha mashamba yao, na anataka tuuze vyote tununue ekari za pamoja tambarare. Baba hataki, ila hana jibu zaidi ya 'ndivyo tulivyorithi'. Je, Laxton ni aina ya ujamaa? Na kaka anasema kweli? Krismasi nakwenda nyumbani, na najua kikao cha familia kitanigeukia mimi niliyesoma."

Marahaba, mwanangu. Swali lako nimelisoma mara mbili. Chini ya habari za Laxton nimeona kitu kingine: unaogopa kwamba ukikaa upande wa baba utaonekana umesoma bure, na ukikaa upande wa kaka utakuwa umemwambia mzee wako kwamba maisha yake yote alilima kijinga. Kwa hiyo nitaanza na Laxton yenyewe, kwa kirefu, kisha ndiyo tufike Upare.

Kwanza, si ujamaa. Pale hakuna shamba la pamoja ambalo watu wanalima kwa zamu na kugawana gunia kwa gunia. Kila mkulima ana vipande vyake vinavyojulikana, anapanda kwa mbegu yake, anavuna kwa mashine yake, anauza kwa hesabu yake. Sisi tuna neno zuri kabisa la kipande cha namna hiyo: ngwe. Kinachofanywa kwa pamoja ni utaratibu tu, yaani zao gani lipandwe katika shamba lipi, mifugo iingie lini, njia ipite wapi na mpaka uishie wapi. Tena wengi wao ni wapangaji. Ardhi ilikuwa ya ukoo wa Pierrepont, waliokuwa na cheo cha Earl Manvers, mpaka Wizara ya Kilimo ilipoinunua mwaka 1952 ili utaratibu huo usife. Mwaka 1981 ikahamia kwa shirika linalosimamia mali za taji, na mwaka 2020 ikarudi kwa jamaa wa Thoresby, warithi wa ukoo uleule wa zamani.

Pili, si makumbusho. Wenzako wameona ramani ukutani wakadhani wako kwenye maonyesho. Ramani ile ni ya kweli: Mark Pierce aliichora mwaka 1635, baada ya kijiji kununuliwa na mfanyabiashara wa London, Sir William Courten, aliyetaka kujua kila ngwe ni ya nani. Ya asili iko maktaba ya Bodleian, Oxford, na ndani yake wamechorwa hata watu wadogo wadogo wakilima na kuvuna. Lakini ngano uliyoiona West Field au South Field, mawili kati ya yale mashamba matatu, inakwenda sokoni kama ngano nyingine yoyote, na watu wale wanalipa kodi ya pango kwayo.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe: kwa nini mtu mwenye akili timamu akubali kulima vipande vilivyotawanyika?

Udongo wa Laxton ni mfinyanzi mzito mwekundu. Mvua ikizidi unashika plau kama gundi, jua likikaza unapasuka. Sehemu ya juu ya mteremko hukauka mapema, ya chini hubaki na maji. Ukimpa mkulima mmoja sehemu yote ya juu na mwingine sehemu yote ya chini, mwaka wa mvua mmoja atakula na mwenzake atalala njaa, na mwaka wa ukame itakuwa kinyume chake. Ukimpa kila mmoja ngwe chache juu, chache katikati, chache chini, hakuna anayepata mavuno makubwa kupita wote, lakini hakuna anayekosa kabisa. Kwa mtu asiye na benki wala bima wala duka la kukopa unga, kukosa kabisa ndiko kunakoua. Wanahistoria wa uchumi wamebishana sana juu ya uzito wa sababu hii. Mimi nimeshatembea mashamba ya mfinyanzi baada ya mvua, na naiamini.

Sababu ya pili ni plau. Plau nzito iliyovutwa na maksai wengi ni ngumu kugeuza, ndiyo maana ngwe zilikuwa ndefu na nyembamba. Urefu wa kawaida ulikuwa kama mita 200, kiasi ambacho maksai waliweza kuvuta kabla ya kusimama kupumua. Upana wa kama mita 20 kwa urefu huo ndiyo ekari, na kwa mapokeo ekari ilihesabiwa kuwa kazi ya plau moja kwa siku moja. Kipimo hiki tunachotumia kila siku tukipima mashamba kwetu kimetoka humo. Plau ilipopita miaka na miaka ikigeuzia udongo katikati, ngwe ikainuka kama tuta pana na pembeni pakabaki mfereji wa kutoa maji. Kwa hiyo umbo lile lilikuwa pia mtaro.

Sababu ya tatu ni mifugo, na hapa ndipo watu wengi hawaelewi. Mashamba matatu yanazunguka: moja lina ngano inayopandwa kabla ya baridi, la pili zao linalopandwa majira ya kuchipua, la tatu linapumzika au, kama siku hizi, linaota majani ya mifugo. Mwaka unaofuata yanabadilishana. Zamani, mavuno yakiisha, shamba zima lilifunguliwa, ng'ombe na kondoo wa kijiji wakaingia kula mabua na kuacha samadi. Sasa fikiria mmoja amepanda maharage katikati ya ngano za wenzake, na maharage yanakomaa mwezi mmoja baadaye. Ama mifugo ya kijiji kizima ingoje, ama maharage yake yaliwe. Ndiyo maana wote walilazimika kupanda aina moja katika shamba moja na kumaliza kuvuna kwa tarehe moja. Uhuru wa mtu ulipungua, ndiyo. Lakini samadi ilifika kwenye ngwe ya mjane asiye na ng'ombe hata mmoja.

Na kuna vipande ambavyo plau haikuweza kufika, mabonde madogo yenye maji na miteremko mikali. Wenyewe huviita sykes. Havikulimwa, vikaachwa majani, na kila kiangazi haki ya kukata majani yake hupigwa mnada kwa wakulima wa kijiji. Kwa kuwa havikuguswa kwa karne nyingi, leo vina maua ya mwituni ambayo yamekwisha kwingine, na vinalindwa kisheria kwa ajili hiyo. Mtu wa zamani aliacha majani ya ng'ombe tu, hakujua kuwa anahifadhi maua.

Utaratibu huu wote usingedumu hata mwaka bila ile korti uliyoitaja. Inaitwa Court Leet. Mwaka 1977 Bunge la Uingereza lilipozinyang'anya korti za kale za namna hii mamlaka ya kuhukumu, ile ya Laxton iliachwa na mamlaka yake. Niliwahi kufuatana na wazee wa baraza wao siku ya ukaguzi, mwishoni mwa Novemba, na naomba nikusimulie, maana wanafunzi hupelekwa siku ambayo hakuna kinachotendeka.

Walikuwa wakulima wenyewe, mabuti yamejaa tope mpaka kwenye vifundo, mmoja amebeba nyundo kubwa, mwingine fungu la vigingi vya mti. Wanakagua lile shamba la ngano iliyokwisha kupandwa. Wakafika mahali ambapo ngwe inapakana na njia ya majani ya kijiji. Kiongozi wao akasimama kwenye kigingi cha zamani, akafumba jicho moja, akatazama mpaka kigingi cha upande wa pili. Mstari wa plau ulikuwa umeingia kwenye majani, kama shubiri mbili hivi. Hakuna aliyepaza sauti. Kigingi kipya kikapigwa pale mpaka unapostahili kuwa, jina likaandikwa, wakaendelea. Na mwenye ngwe alikuwa mle mle kwenye kundi, amesimama mikono mfukoni, akitazama kigingi kikiingia. Wiki iliyofuata kesi inasomwa katika baa ya kijiji mbele ya msimamizi wa korti, na faini ni pauni chache tu, haifiki hata bei ya mafuta ya trekta ya siku moja. Pale pale huapishwa wazee wapya, watakaokagua shamba la ngano la mwaka unaofuata.

Nataka uitazame vizuri faini hiyo ndogo. Haikuwekwa ili iume mfukoni. Mpaka unakaguliwa kila mwaka, na watu wanaoujua, wakati kosa bado ni shubiri mbili. Kwetu mpaka unakaguliwa siku ya kesi, wakati kosa limeshafika hatua kumi, aliyeanza kumega ameshakufa, na watoto wake wanaapa kwamba ndivyo walivyokuta.

Sasa nimfikie kaka yako, na nitamtendea haki, kwa sababu hakusema uongo mtupu. Mashamba yaliyotawanyika yana gharama. Muda unakwishia njiani. Huwezi kuchimba mtaro mzuri wa maji kwa kuwa utapita kwa jirani. Magugu ya mvivu yanaingia kwa mchapakazi, na ng'ombe mgonjwa mmoja anaambukiza kijiji. Anayetaka kujaribu zao jipya anangoja wazee wakubali. Na ni kweli Waingereza waliunganisha: kati ya 1604 na 1914 Bunge lao lilipitisha sheria zaidi ya 5,200 za kugawa upya mashamba ya namna hii na malisho ya pamoja na kuyazungushia uzio, jumla ya kama ekari milioni 6.8, zaidi kidogo ya sehemu moja ya tano ya nchi ya England. Laxton ilipona, kwa sehemu kubwa, kwa sababu wamiliki wake wakubwa hawakuelewana kuhusu kugawana, na gharama ya kugawa ilikuwa kubwa. Haikuwa kwa sababu wakulima wake walikuwa na akili kuliko wengine.

Lakini kaka ameruka ukurasa mmoja. Mwenye ekari nyingi alitoka na shamba zuri la pamoja. Mwenye ngwe mbili na haki ya kulisha ng'ombe mmoja alitoka na kiploti kisichotosha, na gharama ya uzio juu yake, akauza, akawa kibarua. Arthur Young, mtu aliyeitetea kazi hiyo kwa nguvu zake zote, aliandika mwaka 1801 kwamba katika sheria 20 za namna hiyo, 19 zimewaumiza maskini. Huyo alikuwa rafiki wa mpango, hakuwa mpinzani wake.

Na imani hiyo ya kuunganisha mashamba ilifika mpaka kwetu. Mwaka 1954 serikali ya kikoloni ya Kenya ilianza Mpango wa Swynnerton, uliounganisha vipande vya wakulima wa Kenya ya kati na kuwapa hati. Baadhi yao walipata mashamba mazuri ya kahawa. Lakini kazi hiyo ilifanyika wakati wa hali ya hatari, enzi za Mau Mau, wanaume wengi wakiwa kizuizini, na mtu asiyekuwepo siku mipaka inapigwa alirudi akakuta hana pa kusimama. Kwa hiyo mtu akikuambia kuunganisha ni maendeleo, muulize kwanza: nani atakuwepo siku hiyo, na nani hatakuwepo?

Hata hivyo sitaki urudi nyumbani ukamwambia baba kwamba Laxton inamtetea moja kwa moja. Kuna tofauti mbili kubwa. Laxton ina mwenye ardhi mkubwa mmoja, na shamba la mkulima haligawanywi kwa watoto wote: linakwenda kwa mmoja, wengine wanatafuta maisha kwingine. Kwetu kila kizazi kinamega. Kutawanyika ni kuwa na vipande sita mahali tofauti. Kumegeka ni kile kipande kimoja kugawiwa watoto watano, kisha wajukuu 15, mpaka mtu analima kiwanja cha kaburi. La kwanza laweza kuwa busara. La pili ni hatari, na hakuna korti ya Laxton itakayolitibu. Katika kikao chenu mtatofautisha mambo haya mawili, la sivyo mtabishana mpaka usiku kila mtu akizungumzia jambo lake.

Kwa vipande vya baba yako, kwa jinsi ulivyovieleza, maoni yangu ni haya. Vile viwili vya milimani na kile cha bondeni havifanani na vya tambarare hata kidogo. Vinapata mvua tofauti, baridi tofauti, vinakomaa miezi tofauti na kuuzwa soko tofauti. Mahindi ya tambarare yakiungua kwa ukame, tangawizi ya mlimani ndiyo inayolipa ada. Kuuza hivyo ili kununua ekari nyingi tambarare ni kuweka nyumba nzima juu ya mvua moja, na tambarare ya Same mnaijua. Mimi singeuza.

Vile vitatu vya tambarare ni habari nyingine, na hapo kaka yako asikilizwe. Viko kwenye udongo mmoja na mvua moja, kwa hiyo kutawanyika kwake hakukingi chochote, kunachosha miguu tu na kupoteza mafuta ya trekta la kukodi. Laxton wenyewe walifanya hivyo: mwanzoni mwa karne ya 20 ngwe zao nyembamba zilibadilishwa na kuunganishwa zikawa chache na pana zaidi, lakini ndani ya mashamba yale yale matatu, chini ya utaratibu ule ule. Kwa hiyo badala ya kuuza, tafuteni jirani ambaye naye ana kipande kilichozungukwa na vyenu, mbadilishane. Mpime kwa rutuba na maji, si kwa hatua tu. Ekari moja ya mbuga nyeusi na ekari moja ya changarawe si sawa hata kamba ikisema ni sawa.

Hapo ndipo mimi na barua hii tunapofika mwisho wa uwezo wetu, na mnahitaji watu walio pale. Kubadilishana au kuhamisha ardhi ya kijiji hakumalizwi kwa kushikana mikono. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji inapaswa kuhusishwa, na baba yako anaweza kuomba hatimiliki ya kimila kwa kila kipande. Nendeni kwa mtendaji wa kijiji kabla ya fedha wala karatasi yoyote kubadili mikono. Kama mpaka wowote una mgogoro, hata mdogo, upelekeni kwanza kwenye baraza la ardhi la kijiji, lile lenye wajumbe saba, watatu kati yao wanawake. Kazi yake ni kusuluhisha, na suluhu ya pale ni rahisi kuliko miaka mitano ya kesi wilayani. Mkiona mtu anaharakisha, au mnunuzi ameshatoa malipo ya awali kwa kaka bila baba kujua, tafuteni mwanasheria siku hiyo hiyo. Na wewe usisaini chochote ukiwa Nottingham, hata ukitumiwa picha ya karatasi na ndugu unayempenda. Hakikisheni pia jina la mama limo, na la dada zako. Maskini wa Arthur Young waliumia kwa sababu haki zao zilikuwa za mazoea tu, hazikuwa kwenye daftari.

Umesema unakwenda Krismasi. Kabla ya kikao, omba siku moja ya kutembea vipande vyote sita na baba, kaka awepo, na muwaalike majirani wanaopakana nanyi, hasa yule mliyekosana naye. Tembeeni mpaka wote, msiishie kwenye kona. Mwacheni baba aeleze kila mahali kwa nini kipande kile kilipandwa kile, maana nadhani ana majibu mengi kuliko "ndivyo tulivyorithi", hajaulizwa tu akiwa amesimama juu ya udongo wake. Wewe andika. Beba na miche ya masale: penye pengo kwenye mpaka, na jirani akikubali hapo hapo, pandeni wakati wote mpo.

Na mwaka ujao, ukiwa bado Nottingham, rudi Laxton mwishoni mwa Novemba siku ya ukaguzi. Vaa mabuti.